Falsafa ya Dini za Asia na Saikolojia ya Utangulizi kwa Muhula Mmoja: Mwongozo Kamili kwa Mwanachuo wa Moshi

Mwaka 1879 Wilhelm Wundt alianzisha maabara ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, na vitabu vingi huhesabu kuanzia hapo saikolojia kama sayansi inayojitegemea. Mwaka huohuo Max Müller, ambaye udaktari wake aliupata hapohapo Leipzig, alitoa huko Oxford juzuu ya kwanza ya tafsiri za maandiko matakatifu ya Mashariki. Mradi ule ulikuja kufika juzuu 50, na hiyo ya kwanza ilikuwa ya Upanishadi, maandiko ya kale ya falsafa ya Kihindu. Kwa hiyo kozi mbili unazoziona kwenye ratiba, moja Jumanne asubuhi na nyingine Alhamisi mchana jua likiwaka, ni rika moja kama masomo ya chuo, ingawa maandishi yanayosomwa katika moja yamepita miaka elfu mbili na majaribio yanayosomwa katika nyingine mengi hayajafikisha hata mia.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili aliyepangiwa zote mbili: anayesomea ualimu na kukuta saikolojia ni ya lazima, wa sosholojia aliyechagua dini za Asia kama kozi ya hiari, wa teolojia pale Makumira, frateri wa falsafa kule Kibosho. Nimekaa kwenye semina za wanafunzi wa namna hii muda wa kutosha kujua wanapokwama. Hawakwami kwa sababu mambo ni magumu. Wanakwama kwa sababu wanasoma kozi mbili kwa jicho moja.

Kila kozi ina swali lake, na ni vizuri uliandike kwenye jalada la daftari kabla ya lekcha ya kwanza. La falsafa: huyu anamjibu nani, na kwa hoja gani? La saikolojia: wamejuaje, na waliowapima ni akina nani? Ukimwuliza Nagarjuna, mwanafalsafa wa Kibudha wa India ya kale, alipima watu wangapi, umepotea. Ukimsoma Milgram, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefanya majaribio ya utii, kama mwenye hekima aliyetoa kauli kuhusu binadamu, umepotea vilevile.

Hatua ya kwanza: piga hesabu ya saa

Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo za darasani, za kujisomea na za kuandika. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Gawa kwa wiki 15 za muhula, unapata saa 8 kwa wiki kwa kozi moja, 16 kwa zote mbili. Ukitoa lekcha na semina, zinabaki kama saa 5 za kujisomea kwa kila kozi, na hizo usizigawe sawasawa. Falsafa ipe vipande virefu, viwili vya saa mbili na nusu, kwa sababu nusu saa ya kwanza utaitumia kuingia tu kwenye andiko. Saikolojia ipe dakika arobaini kila siku ya wiki. Sababu ya kuikatakata utaiona mbele, na imepimwa.

Soma muhtasari wa kozi ulipogawiwa, usingoje wiki ya testi. Vyuo vingi alama 40 ni za kozi na 60 za UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, na kuna kiwango cha chini cha alama za kozi ambacho usipokifikisha hukai kwenye mtihani. Kitafute chuoni kwako mapema.

Hatua ya pili: pata vitabu bila kumaliza bumu

Steshonari iliyo karibu na lango la chuo itakuuzia desa la kozi nzima kwa bei ya chipsi mayai. Linunue ukitaka, lakini ujue unachonunua: muhtasari wa muhtasari wa mtu aliyesoma miaka kadhaa nyuma, makosa yake yakiwa yamepigwa kopi mpaka yakaonekana kweli. Nimeona desa lenye Ubudha wa kurasa mbili ambamo Buddha anafundisha kwamba nafsi huhama mwili mmoja kwenda mwingine, yaani jambo lilelile alilolikana.

Vya bure vipo na ni bora. Kwa saikolojia kuna kitabu cha utangulizi cha OpenStax, unakipakua mara moja kwa Wi-Fi ya chuo na kukisoma bila bando muhula mzima. Kwa falsafa, ensaiklopidia ya falsafa ya Chuo Kikuu cha Stanford haina malipo na makala zake huandikwa na wataalamu. Maandiko ya Kibudha yako SuttaCentral, bure pia. Tafsiri za akina Müller zinapatikana mtandaoni kwa kuwa haki zake zimeisha, ila Kiingereza chake ni cha karne ya 19. Zitumie kulinganisha tu, andiko la kusomea tafuta la karibuni.

Usisome kila kitu. Nikiulizwa nipange mimi, ningeanza na Chandogya Upanishadi sura ya 6, ambamo Uddalaka anamfundisha mwanawe Shvetaketu kwa chumvi iliyoyeyuka majini, kisha Katha Upanishadi. Katika Bhagavad Gita, yenye sura 18 na beti 700, sura ya 2 na ya 3 zinatosha kwa kuanzia. Kwa Ubudha, hotuba ya kwanza ya Buddha, ile ya kutokuwepo kwa nafsi, na mfano wa mtu aliyechomwa mshale wenye sumu. Kwa China, vitabu vichache vya mwanzo vya Mazungumzo ya Confucius, Mencius kitabu cha 2 na cha 6, sura za 1, 11 na 17 za Daodejing (zote ni fupi, sura zake ni 81 na huisomi kwa kukimbia), na sura ya 2 ya Zhuangzi. Guru Nanak, mwasisi wa dini ya Singasinga aliyezaliwa 1469, mara nyingi hupewa lekcha moja mwishoni muda ukiwa umekwisha. Nadhani anaonewa, hasa katika mji kama huu wenye gurdwara, nyumba yao ya ibada.

Hatua ya tatu: soma andiko la falsafa kama ugomvi

Hapa ndipo pa kukaa.

Wanafunzi wengi huorodhesha imani: Wahindu wanaamini karma, Wabudha wanaamini nirvana, Watao wanaamini kwenda na mkondo. Orodha hiyo haikupi hata C. Maandiko haya yaliandikwa na watu waliokuwa wanabishana, na mwalimu anataka uone ubishi.

Chukua magari mawili ya farasi. La kwanza liko kwenye Katha Upanishadi. Mwili ni gari, akili inayopambanua ni dereva, fikra ni hatamu, milango ya fahamu ni farasi. Ndani ya gari amekaa mwenyewe: atma, nafsi ya kweli. Farasi wakiwa wakorofi na dereva amelala, safari inaharibika, lakini abiria yupo. Gari la pili liko kwenye mahojiano ya mfalme Milinda, Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi, na mtawa Nagasena. Mfalme anauliza Nagasena ni nani. Mtawa anamrudishia swali: umekuja kwa gari, gari ni nini? Ni ekseli? Hapana. Ni magurudumu? Hapana. Ni hatamu, ni nira, ni bodi? Hapana. Ni kitu kingine nje ya hivyo vyote? Hapana pia. Basi gari ni jina tunalolitumia sehemu hizo zikiwa zimeunganishwa, na Nagasena vivyo hivyo: umbo, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia na fahamu, yale mafungu matano ya Kibudha, na ndani yake hakuna abiria.

Sasa weka magari hayo mawili kwenye ukurasa mmoja wa daftari, mstari katikati. Kushoto andika hoja: kuna wa kudhibitiwa, kwa hiyo kuna mwenye kudhibiti. Kulia andika: taja sehemu yoyote, si yeye, ondoa zote, hayupo. Chini yake andika swali linalobaki, maana daima kuna linalobaki: kama hakuna abiria, anayevuna matunda ya karma ni nani? Nagasena ana jibu, la moto wa taa unaowaka usiku kucha: wa alfajiri si uleule wa jioni, wala si mwingine kabisa. Je, linakutosha? Andika kwa nini. Ukurasa huo mmoja una thamani kuliko desa zima, na swali la kulinganisha nafsi katika Upanishadi na katika Ubudha haliachi kurudi kwenye mitihani.

Mfano wa pili ni wa mantiki, na kwa maoni yangu ndio unaopuuzwa kuliko yote. Watu hudhani hoja zenye hatua ni za Aristotle peke yake. Shule ya Nyaya, mojawapo ya shule sita za falsafa za India zinazokubali Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, ina hoja ya viungo vitano, na mfano wake wa karne nyingi ni huu: mlima una moto, kwa sababu una moshi, palipo na moshi pana moto, kama jikoni, mlima huu una moshi wa namna hiyo, kwa hiyo mlima una moto. Toka nje uutazame Kilimanjaro. Oktoba 2020, mlima ulipoungua kwa siku kadhaa, hoja hiyo ilikuwa sahihi. Asubuhi nyingi za Julai kitu cheupe unachokiona kule juu ni ukungu. Wanafalsafa wa Nyaya waliliwaza hilo: anayedhani ukungu ni moshi hana kosa katika mpangilio wa hoja, kosa liko kwenye alichokiona. Waliwaza na upande wa pili. Palipo na moto si lazima pawe na moshi, kwa sababu chuma kilichokolea moto hakitoi moshi. Kwa hiyo kanuni inakwenda upande mmoja tu.

Zingatia kiungo cha tatu. Hakisemi kanuni tupu, kinadai na mfano unaojulikana na pande zote mbili za ubishi. Unapoandika insha, fanya hivyohivyo: kila kanuni na jikoni yake.

Hatua ya nne: daftari la istilahi

Kurasa chache za nyuma ya daftari. Usikimbilie kutafsiri dukkha, karma, dao wala li kwa neno moja. Acha neno lenyewe, andika linafanya kazi gani katika hoja ya nani. Karma ya Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, inayonata kwenye nafsi kama kitu chenye umbo, si karma ya Buddha, ambaye anaiweka kwenye nia. Inatosha.

Hatua ya tano: soma utafiti wa saikolojia kama mkaguzi

Kwa kila jaribio kubwa andika mistari minne: watafiti walibadilisha nini, walipima nini, kwa watu gani, na matokeo yangeweza kuelezwa kwa njia gani nyingine. Basi.

Jaribu na utafiti wa Roediger na Karpicke wa 2006, kwa kuwa utakusaidia pia kusoma. Wanafunzi wa chuo Marekani walisoma kifungu cha habari. Kundi moja likakisoma tena. Jingine halikurudia kusoma, liliandika kwenye karatasi tupu kila lililokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili waliongoza: asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki mambo yaligeuka: waliosoma tena walikumbuka asilimia 42, waliojijaribu 56. Walichobadilisha: namna ya kurudia. Walichopima: wanachokumbuka, na lini. Watu: vijana wa chuo kama wewe, ila wa huko. Sasa unajua kwa nini usiku wa kuamkia testi kupitia notsi kwa kalamu ya rangi kunakufanya ujione umeiva, na kwa nini wiki ya UE hukumbuki kitu. Na unajua kwa nini nimesema dakika arobaini kila siku: funga kitabu, chukua karatasi, andika ulichosoma jana, kisha fungua uone umeacha nini. Fanya hivyo umeme ukiwepo na usipokuwepo, huhitaji kifaa.

Mitego ya testi ni ileile kila mwaka. Uimarishaji hasi si adhabu. LUKU ikianza kulia kwa sababu uniti zimekaribia kuisha, unanunua tokeni na kelele inakoma. Kesho kutwa ikilia unanunua haraka zaidi. Tabia yako ya kununua imeongezeka kwa kuondolewa kero, na huo ndio uimarishaji hasi. Adhabu hupunguza tabia. Andika mfano wa LUKU, msahihishaji ataona umeelewa na hukukariri. Mtego mwingine ni kudhani mambo mawili yanayokwenda pamoja moja limesababisha jingine. Wanaokaa mbele darasani hupata alama nzuri. Ukihamishia kiti chako mbele hujapata alama, pengine wenye bidii ndio wanaopenda kukaa mbele.

Freud, mwasisi wa tiba ya kuchambua nafsi, msome, aulizwe, aachwe. Wanafunzi humpenda kwa sababu ana visa vya kusimulia, wakampa robo ya insha isiyomhusu.

Swali la "waliowapima ni akina nani" lina uzito wake kwetu. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walikumbusha kwamba, katika majarida makubwa ya saikolojia yaliyokaguliwa, asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Hiyo si ruhusa ya kuandika kwamba saikolojia ni ya Wazungu ukafunga daftari. Kumbuka kwamba mojawapo ya nguzo za nadharia ya mshikamano wa mama na mtoto ilisimamishwa jirani hapa: Mary Ainsworth alifuatilia familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, akiwatazama watoto majumbani mwao, kabla hajaenda kufanya utafiti wake wa Baltimore, Marekani. Vitabu vingi huanzia Baltimore. Ukitaja Uganda kwenye insha umeonyesha umesoma zaidi ya desa.

Na moja la adabu: ukishajifunza majina ya matatizo ya akili, usiwapachike wenzako wa hosteli. Kila muhula yupo anayemaliza sura ya 15 na kutangaza kwamba jirani yake ana hili au lile. Mwenye shida aelekezwe kwa mshauri wa wanafunzi au hospitalini.

Hatua ya sita: zikutanishe kozi mbili, kwa tahadhari

Insha nzuri kuliko zote nilizosoma zilitoka kwenye mpaka wa kozi hizi, na mbaya kuliko zote pia. Mbaya huanza na "Buddha alikuwa mwanasaikolojia wa kwanza duniani". Hakuwa. Alikuwa anatafuta njia ya kumtoa mtu kwenye mzunguko wa kuzaliwa na kufa, jambo ambalo hakuna maabara inayolipima. Hata Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mwaka 1979 programu ya kupunguza msongo wa mawazo katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, alichukua mazoezi ya utulivu ya Kibudha akayavua vazi la dini makusudi ili yaingie hospitalini. Ukiandika kuhusu mazoezi hayo, sema unazungumzia lipi: lile linalotafuta nirvana au lile la wiki nane la wagonjwa wenye maumivu.

Njia iliyo salama ni kutafuta swali moja dogo ambalo pande zote mbili zimeligusa. Hili hapa ni la mfano, ulichukue ukitaka.

Mencius, mfuasi wa Confucius wa karne ya 4 kabla ya Kristo, anasema: mtu yeyote akimwona ghafla mtoto anataka kutumbukia kisimani atashtuka na kuingiwa na huruma. Kisha anafanya jambo la kijanja. Anaondoa sababu nyingine moja baada ya moja: si kwa kutaka kujipendekeza kwa wazazi wa mtoto, si kwa kutaka sifa kwa majirani na marafiki, wala si kwa kukereka na kilio. Iliyobaki ni chipukizi la wema ambalo kila mtu anazaliwa nalo. Xunzi, aliyekuja baadaye, anakataa: tabia ya asili ni mbaya, na wema ni kazi, mti uliopinda haunyooki bila kupashwa moto na kubanwa.

Upande wa pili, katika utafiti wa New York uliochapishwa mwaka 1968, John Darley na Bibb Latané waliwaweka wanafunzi vyumbani wakizungumza kupitia vipaza sauti, na mmoja wa wazungumzaji akasikika anapatwa na kifafa. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa. Aliyedhani ni yeye peke yake anayesikia alitoka kutafuta msaada katika asilimia 85 ya mara, kabla sauti haijakoma. Aliyedhani kuna wengine wanne wanaosikia: asilimia 31.

Mwanafunzi mvivu ataandika kwamba jaribio limemshinda Mencius. Soma tena. Mencius alisema mtu *ataingiwa na huruma*, hakusema atakimbilia kisimani. Na watafiti wenyewe waliona kwamba wengi wa waliobaki vyumbani hawakuwa watulivu: mikono ilitetemeka, viganja vilitoka jasho, wakauliza kama yule mtu yuko salama. Kwa hiyo chipukizi lilikuwepo. Kilichokosekana ni kitu kati ya kuhisi na kutenda, na hapo Xunzi anapata nafasi ya kusema neno lake kuhusu mazoezi na taratibu. Hapo una insha yenye ubishi, yenye takwimu, na isiyomlazimisha yeyote kusema asichosema.

Hatua ya saba: nenda ukaone

Moshi mjini kuna hekalu la Wahindu na gurdwara ya Singasinga. Arusha vilevile, kwa wanaosoma upande wa Usa River. Wabudha hutawapata karibu. Hekalu lililoanzishwa na Wasri Lanka liko Dar es Salaam. Na usidhani kila mwenye duka mwenye asili ya India ni Mhindu: wengine ni Ismailia, wengine Bohora, wengine Ithnaasheri, hao wote ni Waislamu.

Chukua barua ya utambulisho idarani, uende kwanza siku ya kazi kuomba ruhusa, msijazane kumi. Ukimkuta mzee anayesimamia, msalimie kama unavyomsalimia mzee yeyote: shikamoo, kisha ungoje akuulize shida yako. Kwenye gurdwara vua viatu, nawa mikono, funika kichwa. Wasichana mtandio au kanga, wavulana kitambaa, na mara nyingi wanazo za kuazima mlangoni. Usiingie na sigara mfukoni wala ukiwa umekunywa. Ndani mnakaa chini, na miguu usiinyooshe kuelekea kilipo kitabu kitakatifu, Guru Granth Sahib, ambacho kwao ndicho Guru. Utapewa halua ya moto kwenye viganja. Ipokee kwa mikono miwili na uile, usiitie kwenye mfuko wa nailoni. Baada ya ibada kuna chakula cha wote, langar: dengu, chapati, wali, bila nyama na bila malipo, tajiri na kibarua kwenye mstari mmoja sakafuni. Hapo ndipo mafundisho ya Guru Nanak dhidi ya matabaka yanapoonekana kwa macho, kwa hiyo kula polepole na utazame nani anagawa na nani anaosha vyombo. Kwenye hekalu la Wahindu viatu ni vilevile nje. Mkanda wa ngozi uliza. Picha usipige mpaka umeruhusiwa.

Maswali yako yasiwe ya kitabuni. Ukimwuliza mama wa Kigujarati kuhusu Brahman, uhalisia wa mwisho wa Upanishadi, na atma atakutazama tu. Mwulize anafanya nini asubuhi akiamka, nani alimfundisha, watoto wake wanafuata au la. Andika siku hiyohiyo. Halafu weka maelezo yake kando ya Shankara, mwanafalsafa mkubwa wa Kihindu, usitumie moja kusahihisha jingine.

Hatua ya nane: asaimenti, semina na UE

Asaimenti ya kundi la watu kumi hufanywa na wawili, hilo mnalijua. Gaweni kwa maandiko badala ya kurasa: kila mtu andiko moja au utafiti mmoja, alete ukurasa wake wa hoja au mistari minne yake. Asiyeleta jina lake lisiandikwe, mkubaliane hivyo siku ya kwanza ili kusiwe na lawama.

Kwenye UE ya saikolojia anza na maswali ya takwimu na majaribio ukiwa bado na kichwa chepesi, ukiandika jina, mwaka na matokeo pale unapovikumbuka kwa uhakika. Usipoukumbuka mwaka, uache. Mwaka wa kubuni unaharibu aya nzima. Kwenye falsafa tumia dakika tano za mwanzo za kila swali kuandika pembeni nani anabishana na nani. Jibu la kurasa mbili lenye pingamizi moja lililojibiwa linashinda la kurasa tano linalosimulia maisha ya Buddha kuanzia ikulu.

Matokeo yakitoka na alama haikuelei akilini, kwanza angalia alama za kozi zilivyoingizwa, kwa sababu mara nyingi kosa liko hapo: testi moja haikuingia. Ndiyo maana karatasi za testi zilizosahihishwa hazitupwi mpaka muhula umefungwa. Ukiridhika kwamba alama za kozi ziko sawa, ndipo uombe kusahihishiwa upya, ndani ya muda uliowekwa, na uulize ada yake ofisi ya mitihani kabla hujajaza fomu.